Mwalimu mgeni wa pikipiki, natoka Moshi mjini kupanda Kibosho kila siku: CC 100, 125 au 150?

#1 TichaMlimani
Habari zenu wakuu. Nimepangiwa shule Kibosho, naishi Majengo. Pikipiki sijawahi kuendesha hata siku moja, baiskeli naijua tangu utotoni. Nauli ya bodaboda kwenda na kurudi inanimaliza mshahara, na nikipanda Hiace inanishusha njia panda, nabaki na kama kilomita tatu za kupanda kwa miguu. Masika ndiyo usiseme.

Nimejikusanyia milioni tatu. Tatizo ni ushauri. Kaka yangu anasema nina futi tano na inchi mbili, nianze na injini ndogo ya CC 100. Jirani yangu anayeendesha bodaboda anasema CC 100 haipandi kule na mtu mwenye begi la madaftari, nichukue 150 nitulie. Duka moja nilikopita wakanivutia upande wa 125. Mimi mwenyewe naona CC ndogo ni salama zaidi kwa anayeanza, kwa sababu haiendi mbio. Nipo sahihi au nimepotea?

#2 Chalii_Sakina
Boxer 150. Uzi tayari ufungwe.

#3 Meku_Rau
Wewe wa Sakina, mtu akiuliza jiko la gesi utamjibu Boxer 150. Ngoja waje mafundi.

#4 FundiMbuyuni
Ticha karibu. Mimi ni fundi pikipiki hapa Moshi, karibu na soko la Mbuyuni.

Hapo kwenye "CC ndogo ni salama" sikubaliani na wewe moja kwa moja. Wageni ninaowapokea gereji wakiwa wamevunja saiti mira na kupinda pedeli, wengi hawakuwa kwenye mbio. Walikuwa wamesimama. Anafika pa kugeuzia kwenye kilima, anasimama, anashusha mguu, mguu haufiki chini, pikipiki inalala upande na yeye nayo. Hapo CC haijahusika.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza CC nenda dukani ukae juu ya siti. Vaa viatu unavyovaa kazini. Nyayo zote mbili ziguse chini, siyo vidole. Kisha iinamishe kidogo kushoto, uirudishe. Iinamishe kulia, uirudishe. Ikikushinda dukani kwenye sakafu ya saruji, kule kwenye utelezi itakushinda zaidi. Usimruhusu muuzaji akuharakishe.

Uzito usikutishe sana kwenye makaratasi. Hizi 125 na 150 za kazi zote ni kilo mia na kitu, na kati yao tofauti haifiki hata debe moja la maji. Kinachomsumbua mtu mfupi ni kimo cha siti na upana wake pale mbele, kwa sababu siti pana inatanua mapaja na miguu inakuwa kama imefupishwa.

Kwa kupanda Kibosho peke yako na begi, 125 nzima inakutosha.

#5 Chalii_Sakina
Fundi, 125 inatosha wapi? Nilikuwa na 125, sitaitaja ya nani, nikibeba abiria wa kwenda Ilboru juu ilikuwa inalia gia ya kwanza kama ng'ombe wa kuchinjwa. Nikahamia 150, kilima kilekile napanda na gia ya tatu. Mimi naongea kitu nilichokiishi.

#6 KijengeJuu
Chalii, hilo lina maelezo. Arusha mjini tupo mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda hewa inakuwa nyepesi, injini inavuta hewa kidogo, nguvu inapungua. Na kabureta haijui kwamba umepanda, inamwaga petroli ileile, hivyo mchanganyiko unakuwa na mafuta mengi kuliko hewa. Utaona plagi imejaa masizi meusi na moshi una harufu ya petroli. Ndiyo maana pikipiki ikitoka Dar ikifika huku inakuwa nzito mpaka irekebishwe. Ticha akiwa anapanda Kibosho kila siku, achukue CC ya ziada ya kufidia hewa.

#7 FundiMbuyuni
KijengeJuu umesema kweli, ila tupige hesabu. Moshi mjini ni mita 800 na kitu. Chukulia shule yake ipo mita 1,400. Amepanda kama mita 600. Kanuni ya haraka ni kwamba nguvu inashuka kama asilimia moja kwa kila mita 100. Hiyo ni asilimia sita. Asilimia sita haiwezi kukutoa gia ya tatu ikakutupa gia ya kwanza. Kwa Chalii kulikuwa na jambo jingine.

Mimi ningetazama sproketi kwanza, yale magurudumu ya meno yanayoshika cheni. Pikipiki nyingi zinakuja na sproketi ya mbele ya meno yanayoipa mwendo barabara ya tambarare. Ukitoa ya meno 14 ukaweka ya 13, unapata nguvu ya kuvuta zaidi kama asilimia saba, na mwendo wa juu unapungua kwa kiasi hichohicho. Kwa mtu wa Kibosho huo mwendo wa juu haumsaidii kitu. Ni mabadiliko ya bei ndogo kuliko kununua pikipiki nyingine.

#8 Same_Kwetu
Naongeza la tatu: krachi. Wengi wanaweka oili ya gari kwenye pikipiki kwa kuwa ni ya bei nafuu au imebaki nyumbani. Krachi ya pikipiki hizi inaogelea humohumo kwenye oili ya injini. Oili nyingine za gari zina dawa ya kulainisha, sahani za krachi zinateleza. Kwenye tambarare huoni. Ukifika kilima injini inapiga kelele, pikipiki haiendi, unasema CC ndogo. Tazameni kopo, liwe na maandishi JASO MA.

#9 Meku_Rau
Mimi niliyapata yote hayo kwa mafundi watatu tofauti, mwisho wa siku ilikuwa breki ya nyuma imekazwa mno, ngoma inashika muda wote. Nikipanda kwenda Uru ngoma yenyewe inachemka, ukimwagia maji inatoa mvuke. Na chujio la hewa lilikuwa limejaa vumbi kama kiatu cha mpiga tofali. Sasa sijui kati ya hivyo viwili kipi kilikuwa kinanirudisha nyuma, maana vilitengenezwa siku moja.

#10 NesiWaUru
Naomba nimuongeleshe Ticha mwanamke kwa mwanamke, hawa kaka zetu wameingia kwenye injini hawatoki leo.

Mdogo wangu, mimi nina mwaka wa sita naendesha, na nimekuzidi inchi moja tu. Nilianza na CC 100. Kaka yako hakukudanganya. Ilinifundisha kwa upole, nikiachia krachi vibaya ilikuwa inazima tu, hainirushi. Miezi minane nikaizoea. Lakini kilichoniangusha hakikuwa CC wala kimo. Nilianguka mara mbili.

Ya kwanza, sketi. Nilivaa sketi ndefu ya kazini, nikaikusanya upande mmoja nikaikalia. Njiani ikachomoka ikaingia kwenye cheni. Nilikuwa mwendo wa taratibu, nashukuru Mungu, nilipata mchubuko na sketi ikabaki nusu. Tangu siku hiyo navaa suruali na buti, sketi ipo kwenye begi, nabadilisha kazini. Kanga na mtandio navyo visikae vinaning'inia. Na duka wakikwambia kifuniko cha cheni ni urembo tu, kigome kibaki.

Ya pili, udongo mwekundu baada ya mvua. Mfongo, ule mfereji wa kumwagilia mashamba, ulikuwa umefurika ukapita katikati ya barabara, nikashika breki ya mbele kwa mshtuko. Tairi la mbele likaniacha. Hapo sikuwa na kosa jingine zaidi ya mkono kukimbilia breki.

Kwa hiyo ukisema CC ndogo ni salama, mimi nasema ni laini kwa kujifunza. Usalama ni habari nyingine.

#11 TichaMlimani
Asante sana dada. Hilo la sketi sikuwahi kuliwaza kabisa, na shuleni kwetu sketi ndiyo vazi. Fundi, nitakwenda dukani Jumamosi kukaa kwenye siti kama ulivyosema. Sasa hiyo breki ya mbele niiguse au nisiiguse? Jirani yangu kaniambia niisahau kabisa.

#12 Chalii_Sakina
Isahau. Breki ya mbele inakurusha juu ya usukani. Miaka saba ya bodaboda situmii.

#13 FundiMbuyuni
Chalii, hapo ndipo tunapoua watu. Ukifunga breki uzito wote unakimbilia mbele. Tairi la nyuma linakuwa jepesi, ukilibana linaburuza tu, unaacha alama ndefu kwenye lami na gari lililo mbele yako linazidi kukaribia. Kwenye lami kavu sehemu kubwa ya kusimama inatoka mbele. Anayesahau ya mbele anaendesha na breki nusu.

Kinachorusha mtu ni kuibana ghafla kama unakamua nguo. Unaivuta kwa vidole viwili, taratibu halafu ngumu. Mgeni akajifunzie kwenye lami tupu, mwendo wa 20, mara hamsini.

#14 NesiWaUru
Fundi nakukubali kwenye lami. Kwenye utelezi mimi mguu ndiyo unatangulia, mkono baadaye na kidogo sana. Nimeshalipia somo hilo.

#15 BwanaShambaMstaafu
Wanangu, salaam. Nimesoma kimya nikaona nichangie.

Nimezunguka vijiji vya Hai na Rombo kwa pikipiki ya serikali kuanzia miaka ya themanini. Tulikuwa na Yamaha AG 100. Mtengenezaji aliifikiria kwa ajili ya shamba. Cheni yote imefungwa ndani ya boksi, vumbi haliingii wala sketi ya binti yetu isingeingia. Ina keria mbele na nyuma, ina stendi ndogo pande zote mbili, hivyo ukisimama kwenye mteremko unachagua upande wa kuegesha. CC 100 tu, na nilipanda nayo mpaka kule juu migomba inakoishia na msitu unaanza, nina mfuko wa mbegu nyuma. Kwa hiyo anayesema CC 100 haipandi mlima hajui mlima umepandwa na nini.

Baadaye tukapewa Honda XL 125. Nzuri mno kwenye mashimo, ila ndefu. Binti wa futi tano na inchi mbili itamsumbua kusimama.

#16 Same_Kwetu
Shikamoo mzee. Sahihisho dogo kwa heshima: AG 100 ni injini ya mipigo miwili, ile inayochoma oili pamoja na petroli. Hizo CC 100 zina mvuto tofauti kabisa na CC 100 za sasa za mipigo minne, maana inawaka kila mzunguko mmoja wa injini badala ya kila mizunguko miwili. Huwezi kulinganisha 100 ile na 100 ya leo.

#17 BwanaShambaMstaafu
Marahaba mwanangu. Ni kweli, na moshi wake wa buluu naukumbuka. Lakini mlima ulikuwa huuhuu.

#18 Mangi_Himo
Wazee mmemsahau Ticha. Spea! Ticha ataharibikiwa Jumatano asubuhi kijijini, siyo Mbuyuni. Nunua ile ambayo bodaboda wa kijiji chako wanayo. Ukikatika waya wa krachi, mtu wa kijiweni anakutolea wake wa akiba. Nenda pale njia panda unaposhukia, hesabu zilizopaki. Zikiwa Boxer nyingi chukua Boxer, zikiwa TVS HLX nyingi chukua HLX, zikiwa za Kichina chukua za Kichina. Huo ndio utafiti wenyewe.

Na hizo za Kichina msizidharau. Nyingi injini yake imenakiliwa kutoka Honda CG 125 ya miaka ya sabini, injini ya valvu za kusukumwa kwa fimbo, imetengenezwa kwa ajili ya mtu anayesahau sevisi. Kila fundi wa chini ya mwembe anaifungua amefumba macho.

#19 Meku_Rau
Mangi, tukienda kwa hesabu ya kijiweni basi kila mtu angeoa mke aliyeolewa na jirani.

#20 Mangi_Himo
Meku, mke hatafutiwi waya wa krachi.

#21 Upepo_wa_Usa
Kuna kitu hakuna aliyekigusa: mpangilio wa gia. Nilijifunzia kwenye pikipiki ambayo gia zote ni kukanyaga mbele. Rafiki akaniazima XL, yenyewe ya kwanza ni chini na nyingine zote ni kuinua juu. Natoka Tengeru, nataka kupanda gia nikakanyaga mbele kama nilivyozoea, pikipiki ikashuka gia kwenye mwendo, tairi la nyuma likapiga mruzi nikaponea mtaroni. Ticha, utakayojifunzia ifanane gia na utakayonunua. Ukienda kujifunzia ya jirani halafu ukanunua tofauti, mguu utakusaliti siku ya haraka.

#22 Dereva_Machame
Kwangu mimi kupanda si tatizo, kushuka ndiko kunaua. Jioni utawaona vijana wanashuka kutoka juu wameweka free, yaani bila gia, wengine wamezima na swichi kabisa, wanasema wanaokoa mafuta. Ngoma za breki zinachemka mpaka zinaacha kushika. Ticha, gia uliyopandia ndiyo hiyo ushukie. Injini yenyewe ikushike.

#23 Chalii_Sakina
Free inaokoa mafuta lakini, tusidanganyane. Hesabu ya bosi inalipwaje?

#24 Dereva_Machame
Chupa moja ya soda ya petroli kwa wiki. Nenda hospitali yoyote uulize bei ya chuma cha mguuni.

#25 DadaPasua
Kwa nini mnamnyima skuta? Haina krachi, haina gia, anakaa miguu pamoja na sketi yake, taratibu mjini. Mimi natumia Pasua hadi mjini kati, raha mustarehe.

#26 FundiMbuyuni
Mjini ni nzuri dada, sipingi. Shida ni matairi madogo, jiwe ambalo pikipiki inalipita skuta inalipigia magoti. Na mteremko mrefu injini yake haikushiki vizuri kama gia alizosema Dereva, kazi yote inarudi kwenye breki. Kama Ticha anataka kitu kisicho na mkono wa krachi, kuna zile za mtindo wa Honda Cub, miguu inapita katikati, gia unapiga kwa mguu, krachi inafanya kazi yenyewe, na matairi ni inchi 17. Tatizo ni kupata nzima.

#27 BwanaShambaMstaafu
Honda Cub ilianza 1958 na mpaka 2017 walikuwa wameshatengeneza milioni mia moja. Tuliokuwa vijana tuliwaona mapadri nazo. Sijawahi kuona padri akisukuma.

#28 Ngarenaro_Mtulivu
Kama atachukua ya mkononi ili milioni tatu ibaki na chenji ya helmeti nzuri na leseni, aangalie yafuatayo kabla ya kutoa hata shilingi. Kadi iwe na jina la anayeuza, na siyo hadithi ya "mwenye kadi yupo Dar". Namba ya chesisi iliyogongwa pale shingoni mwa usukani ifanane na kadi, isiwe imekwanguliwa. Faini zinazodaiwa aziangalie kwa namba ya usajili. Ashike tairi la mbele alisukume kushoto kulia asikie kama beringi zimelegea. Aiwashe ikiwa ya baridi, siyo muuzaji ameshaipasha moto kabla hajafika. Ikitoa moshi wa buluu inachoma oili, huenda ringi za pistoni zimekwisha.

Mimi nilinunua iliyotoka kwenye mkataba wa bodaboda, imepakwa rangi inang'aa. Miezi mitatu injini ikafunguliwa.

#29 KijengeJuu
Kwa mgeni mimi naona bora mpya hata ya CC ndogo. Mgeni hajui mlio mbaya ukoje. Ya mkononi ikilia atadhani ndivyo inavyolia.

#30 NesiWaUru
Mimi naona kinyume. Mgeni ataiangusha tu, hata mara moja. Bora aiangushe ambayo tayari ina mikwaruzo, roho haitamuuma, hatakata tamaa. Mpya niliyonunua baadaye niliiangusha siku ya tatu nikiwa naitoa getini, nililia.

#31 Same_Kwetu
Na leseni jamani. Leseni ya kujifunzia, mafunzo, mtihani wa polisi wa usalama barabarani, ndiyo TRA wanakutolea. VETA Moshi wapo, usifundishwe na jirani asiyetumia breki ya mbele.

#32 Chalii_Sakina
Nimeona hilo jiwe na nimejua linaelekea wapi. Fundi, hiyo ya vidole viwili nilijaribu leo asubuhi kule bypass, barabara ikiwa tupu. Imesimama mapema kweli. Ila 150 sibadilishi mawazo.

#33 TichaMlimani
Wakuu nimerudi. Nimefanya kazi mliyonipa. Kwanza njia panda kwetu nimehesabu kumi na nne: Boxer saba, TVS tano, mbili sikuzijua jina. Mangi, hapo nichukue ipi?

Dukani nimekaa kwenye nne. Kwenye 150 moja nyayo zote zimefika vizuri, kwenye 125 nyingine ya upande wa pili nilikuwa nagusa kwa vidole. Kwa hiyo yangu ya kusema CC ndogo ndiyo ya mtu mfupi imenishangaza mwenyewe. Muuzaji akaniuliza nani kanifundisha kuinamisha kushoto na kulia, nikamwambia nina fundi wangu. Kaka yangu bado anashikilia 100, na dada Nesi naye alianzia huko, kwa hiyo sijamwambia hapana.

Mwenzangu shuleni anayo 125, amekubali nijifunzie kwake Jumamosi jioni kwenye uwanja wa shule. Nimemuuliza gia zake, ya kwanza ni mbele na nyingine zote mbele. Ile 150 niliyokalia sijaangalia gia zake zikoje.

#34 Upepo_wa_Usa
Piga simu dukani uulize kabla ya Jumamosi. Usianze kabla ya kujua.

#35 Mangi_Himo
Saba kwa tano ni karibu sare. Uliza wale saba nani kati yao ana roho nzuri.

#36 Meku_Rau
Ticha, Jumamosi jioni uwanja huo una mazoezi ya mpira, vijana wa pale nawajua. Nenda saa moja asubuhi, umande ukiwa bado kwenye nyasi, kaa upande wa changarawe karibu na mikaratusi. Buti usisahau.